Vidole Chini ya Futi

Siku hizi ukienda kupimwa nguo kwa Bi Futi, nenda umejiandaa. Hana staha na mwili wa mtu. Atakuzungushia futi kiunoni, atasoma namba kwa sauti mpaka anayepita barabarani asikie, kisha atafungua daftari lake kubwa atafute vipimo vyako vya mara ya mwisho. Na kama umepungua hata inchi moja na nusu, atakuuliza usoni umepungukia wapi, na ushaonana na daktari au bado. Wateja wengine huondoka wamenuna. Mmoja alimwambia kwamba alikuja kufumiwa blauzi, hakuja kutabiriwa kifo, akachukua mkoba wake akaenda zake. Bi Futi alimfuata mpaka mlangoni akamwambia inchi mbili kwa miezi mitatu si mchezo, mwanangu, nenda ukaangaliwe.

Watu husema ni mdomo mchafu wa uzeeni. Wanaosema hivyo hawakumjua dada yake, au walimjua wakasahau, maana watu ni wepesi wa kusahau.

Walikuwa wawili katika duka lile la dirisha moja, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Dada mkubwa ndiye aliyejaliwa mkono. Alifuma kwa ile sindano fupi yenye ndoano kichwani, na sindano hiyo haikumtoka vidoleni hata akiwa anasubiri chai ichemke, ndiyo maana mtaa mzima ukambandika jina la Bi Ndoano. Mdogo wake alijaribu kufuma akashindwa. Skafu yake ya kwanza ilianza na upana wa kiganja ikaishia na upana wa mlango, na Bi Ndoano alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipomaliza kucheka akamkabidhi futi, kalamu na daftari, akamwambia wewe utapima na kuandika, mimi nitafuma, na tusiingiliane. Hivyo ndivyo mdogo mtu alivyogeuka Bi Futi. Walikaa hivyo miaka kumi na tisa, wakilala nyumba moja na kugombania mto mmoja mzuri.

Sifa yao kubwa ilikuwa koseti za kufuma. Koseti ni blauzi ya kubana kiwiliwili, imejaa vitundu na maua ya uzi, imekatika kiunoni, na nyuma ina safu mbili za matundu ya kupitishia kamba, unaikaza kama unavyokaza kiatu. Pembeni huingizwa vijiti vyembamba vya plastiki ili isijikunje, na mafundi huviita mifupa. Ni nguo yenye roho mbaya. Gauni la kitambaa likikataa, utakata hapa utashona pale. Koseti ya kufuma inaota safu kwa safu juu ya vipimo vya mtu mmoja tu, na ukikosea safu ya kumi, utajua safu ya sitini. Ikikaa sawasawa, pande zake mbili za nyuma zinaachana vidole viwili. Zikigusana, imepwaya, na dawa yake ni kufumua.

Basi Bi Ndoano alikuwa na sheria moja dukani, nayo aliishika kama kiapo. Mwili wa mteja haukosei. Nguo ikikataa kukaa, kosa ni la uzi, au la mkono uliofuma, au la futi, lakini la mwili halipo. Ni mwiko kumwambia mtu amenenepa, ni mwiko kumwambia amekonda. Fumua, pima upya, fuma. Kuna bibi harusi mmoja alipimwa akaenda, akarudi baada ya miezi miwili tumbo limemtangulia mlangoni. Koseti haikufika hata nusu ya safari. Bi Ndoano akaigeuza geuza, akasema uzi wa pamba ndivyo ulivyo, ukipigwa na unyevu unajikunyata. Bibi harusi akaitikia kwa haraka kwamba kweli, hali ya hewa ya mwaka huu mbaya. Bi Futi akapima bila kukunja uso, akataja namba kama anataja saa. Yule bibie alipoondoka walifunga mlango wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Sheria hiyo iliwajazia duka wateja, maana nani hataki kwenda mahali ambapo mwili wake hauna kosa? Na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Mambo yalianza na mwalimu mmoja mstaafu, mteja wao wa siku nyingi. Alikuja kuchukua shali yake, akamtazama Bi Ndoano juu mpaka chini, gauni limepauka, kandambili zimelika upande mmoja, akamuuliza kwa mzaha: miaka yote hii unatupamba sisi, wewe mwenyewe hujajifumia hata leso? Bi Ndoano alicheka naye. Lakini mwalimu alipotoka Bi Ndoano aliisimamisha ndoano kwenye uzi, jambo ambalo Bi Futi hakuwahi kuliona. Kisha akainuka akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pembeni.

"Nipime," akasema.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwahi kupigwa picha tangu ile ya kitambulisho. Sasa akataka koseti ya rangi ya maziwa, yenye shingo ya maua, na akishaivaa apigwe picha na jirani yao mwenye studio, picha itundikwe juu ya meza ya kazi ili wateja waache maneno. Alilisema hilo huku akiona haya, na Bi Futi alifurahi moyoni, akamtania kwamba kumbe uzuri ulikuwa umefichwa stoo.

Sasa, koseti hupimwa tofauti na nguo nyingine. Kwa kuwa kamba ziko nyuma, futi nayo hufungiwa nyuma, mpimaji amesimama mgongoni pa mteja. Anayepimwa haioni namba. Anaisikia tu. Bi Futi akasoma, akaandika: kifua thelathini na saba, kiuno ishirini na tisa, nyonga arobaini. Akaweka na tarehe, kama alivyofundishwa.

Bi Ndoano hakuwa mtu wa kulipua kazi, na hii ya kwake mwenyewe aliifanya kwa heshima zaidi ya zote. Akafuma kwanza kipande kidogo cha majaribio, akakifua, akakianika, akahesabu vifundo vinavyoingia kwenye inchi moja. Ndipo akaanza. Alifuma asubuhi kabla ya kufungua duka na mchana wateja wakipungua. Wiki ya tano kiwiliwili kikawa tayari, akakivaa juu ya shimizi, Bi Futi akapitisha kamba na kuvuta. Pande mbili za nyuma zikaja zikagusana. Akivuta tena, zinapandana.

Bi Ndoano akapapasa mgongo wake kwa vidole, akasonya. Akasema ni uzi. Akasema alijua tu, tangu muuza nyuzi wao abadilishe kiwanda pamba yake haina msimamo. Akaivua papo hapo, akakaa kitini, akavuta uzi wa mwisho, na kazi ya wiki tano ikaanza kurudi nyuma safu kwa safu mpaka ikawa donge. Kisha akasimama tena katikati ya chumba.

Bi Futi akazungusha futi kiunoni. Ikasoma ishirini na saba.

Akailegeza, akaizungusha upya. Ishirini na saba. Chini ya shimizi, kwenye ncha za vidole vyake, akahisi mbavu za dada yake, moja moja, na jasho likamtoka kwapani. Maana mama yao alianza hivyo hivyo. Nguo zilimpwaya, akasema ni uchovu. Majirani wakamsifu kwamba kapungua kapendeza. Mwaka haukuzunguka, wakamzika. Bi Ndoano, akiwa bado msichana, ndiye aliyemuuguza, akimbeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani na kumrudisha, na alizoea kusema kwamba mwishoni mama alikuwa mwepesi kuliko kapu la nyuzi. Tangu wakati huo neno kukonda halikutamkwa ndani ya nyumba yao, si dukani tu.

Je, aseme? Aseme nini, na kwa mdomo gani? Bi Futi alisimama pale mgongoni, dada yake akisubiri namba, na bila hata kukata shauri akaingiza kidole kimoja kati ya futi na mwili. Futi ikasogea.

"Ishirini na nane," akasoma.

Bi Ndoano akashusha pumzi. Akasema si alisema ni uzi, inchi moja ni kitu gani, hata kupunguza chumvi tu kunaondoa inchi moja. Bi Futi akaandika ishirini na nane. Hakusema uongo, alijiambia. Futi ilisoma ishirini na nane kweli. Kidole kilikuwa chake, basi. Akaahidi moyoni kwamba kesho, dada akishakunywa chai, atamkalisha amwambie.

Kesho hiyo haikuja. Ni jambo la kukasirisha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Palikuwa na oda ya shule, palikuwa na paa lililovuja, palikuwa na kila kitu isipokuwa ujasiri. Macho yake yaliona. Yaliona sahani ya dada ikirudi jikoni na nusu ya chakula, imefunikwa kwa sahani nyingine. Yalimwona akikaa chini kupiga pasi, yeye ambaye alipiga pasi kwa kusimama miaka yote. Siku moja sketi yake ilipopanda kidogo Bi Futi aliona pini kubwa imebana kiuno kwa ndani, na juu yake pini ya pili. Akageuza uso akaanza kupanga nyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Koseti ya pili ilipwaya vilevile. Safari hii Bi Ndoano akalaumu mkono wake, akasema umezeeka, umeanza kulegeza vifundo. Akafumua. Bi Futi alipima, akaona ishirini na tano na nusu, akaingiza vidole viwili. Havikutosha. Akasimamisha kiganja kizima ubavuubavu, futi imekipanda kama inavyopanda kilima. Akasoma ishirini na nane. Dada yake alibaki amenyoosha mikono, akitazama dirisha, mpaka Bi Futi alipomwambia amemaliza.

Kufikia mwezi wa sita tumbo likaanza kumsumbua waziwazi, akawa anatapika asubuhi na kushika ubavu wa kulia. Ndipo Bi Futi akashika bango kwamba waende zahanati, na akashangaa dada yake hakubisha. Moyo wake ukapata nafuu. Alijiambia daktari ataona mwenyewe. Daktari ana macho, ana vifaa, atasema yeye, na mimi sitakuwa nimesema. Nalitaja wazo hili kwa sababu Bi Futi mwenyewe hulitaja mpaka leo, na akilitaja hujipiga paja.

Walimkuta daktari kijana, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na foleni nyuma yao inafika mpaka getini. Mizani ya zahanati ilikuwa mbovu, imekwama. Akamuuliza Bi Ndoano kama amepungua siku za karibuni. Kisha Bi Ndoano akajiweka sawa kitini, na kwa ile sauti yake ya dukani akasema wao ni mafundi, yeye hupimwa mara nyingi kuliko hata mtoto wa kliniki, na kila kitu kimeandikwa. Akamgeukia mdogo wake.

"Mwonyeshe daftari."

Bi Futi alikuwa nalo mkobani, hutembea nalo. Akalitoa. Daktari akashusha kidole kwenye safu ya kiuno: ishirini na tisa, ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na saba na nusu. Ile ya mwisho Bi Futi alikuwa ameipata wiki iliyotangulia, kwa ngumi. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema mwandiko mzuri, laiti wagonjwa wote wangekuwa hivi. Inchi moja na nusu kwa nusu mwaka, kwa mtu anayeumwa tumbo na kukosa hamu ya kula, haikumtisha. Akaandika dawa za vidonda vya tumbo. Kabla hajaita mtu mwingine akainua macho, akamtazama Bi Futi, si mgonjwa.

"Kuna lingine ambalo ningependa kulijua?"

Bi Ndoano naye akageuka akamtazama. Alimtazama moja kwa moja, kwa muda mrefu, kama anayesubiri namba. Nje mtoto alikuwa analia na mtu anakohoa. Bi Futi alikuwa na ulimi mdomoni, alikuwa na pumzi kifuani, alikuwa na maneno matatu tu ya kusema, na dada yake mbele yake akiwa hai.

"Hakuna," akasema.

Walirudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Bi Ndoano alivimeza kwa utiifu, asubuhi na jioni, miezi miwili. Kisha akaanguka dukani, kati ya meza na dirisha, na watu wawili waliomwinua walisema baadaye kwamba walidhani wangehitaji mtu wa tatu lakini mmoja angetosha.

Hospitali kuu haikuuliza daftari. Ilikuwa na mizani inayofanya kazi, mashine, na daktari bingwa mwanamke asiye na maneno mengi. Siku ya nne akamwita Bi Futi pembeni, akamwambia ugonjwa ulianzia kwenye kongosho na sasa umefika kwenye ini, umesambaa. Akauliza alianza kupungua lini. Bi Futi akajibu: tangu mwanzo wa mwaka. Daktari akauliza, na mlikuwa mnangoja nini? Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, kisha akasema kwamba miezi minne nyuma pengine kungekuwa na la kufanya, sasa wamchukue nyumbani, wampe dawa za maumivu, wakae naye. Bi Futi alishuka ngazi za ghorofa tatu amejishikilia ukutani. Alipofika chini akakaa kwenye ngazi ya mwisho akalia kwa sauti mbele za watu, na hakujali.

Nyumbani, Bi Ndoano akaomba kapu lake. Akawekewa mito mgongoni, akaendelea na koseti ya tatu, aliyokuwa ameianza baada ya zahanati. Sasa hakufuma kwa kasi yake iliyojulikana. Safu moja kwa siku, siku nyingine nusu safu, halafu anafumba macho na ndoano bado imo kwenye kitanzi. Bi Futi alimlisha uji kwa kijiko, akambadilisha shuka, akampaka mafuta mgongoni. Lile jambo halikutajwa. Alijaribu mara nyingi. Alifungua mdomo akauliza kama anataka maji.

Asubuhi moja Bi Ndoano akakata uzi kwa meno, akaficha ncha yake ndani ya ua la mwisho la shingo, akasema imekwisha. Akaagiza jirani wa studio aitwe aje na kamera yake, na kiti kisicho na egemeo kisogezwe dirishani penye mwanga. Akaagiza pia achanwe nywele. Bi Futi akafanya yote hayo, lakini kwa hofu. Yeye ndiye aliyejua vipimo gani vimo daftarini. Nguo imefumwa kwa kiuno cha ishirini na saba na nusu, na mwanamke aliyekaa kitandani pale hakuwa nacho, hakuwa nacho hata kwa mbali. Itamning'inia mbele ya mgeni, na siku hiyo, kati ya siku zote, dada yake atajua. Akachukua pini kumi na mbili akazificha mfukoni ili aibane kwa nyuma pasipoonekana.

Akamhamishia kitini, akamvalisha taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili. Akachukua vile vijiti vya plastiki ili aviingize pembeni. Bi Ndoano akamzuia.

"Mifupa usiweke. Yangu inatosha."

Akacheka kidogo kwa mzaha wake mwenyewe, akakohoa. Bi Futi hakuweza kucheka. Akaenda nyuma yake, akapitisha kamba tundu kwa tundu, akavuta kwa woga, akingoja pande zigusane. Hazikugusana. Akavuta tena. Koseti ilikuwa imemkumbatia dada yake kuanzia kwapani mpaka kiunoni, kila ua limelala mahali pake, na nyuma pande mbili zimeachana. Bi Futi akaweka vidole viwili kwenye ile nafasi. Viliingia sawasawa, bila kubaki, bila kubanwa.

Pini zilimdondoka mkononi zikatawanyika sakafuni. Akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua:

"Dada. Umejuaje?"

Bi Ndoano hakugeuka. Akaingiza mkono kwenye kapu lake kando ya kiti, akatoa kipande cha uzi mwekundu chenye mafundo, akaupitisha nyuma kupitia begani. Kila fundo lilikuwa kiuno chake. Alikuwa akijipima mwenyewe kwa uzi, chumbani, mlango umefungwa, kila mara baada ya kupimwa dukani. Bi Futi akaunyoosha juu ya futi, akaona fundo la kwanza limekaa kwenye ishirini na tisa, na mengine yanarudi ndani, yanarudi, yanarudi.

"Kila mara ulikuwa unajua," akasema.

"Tangu kidole cha kwanza. Ulidhani sihisi? Kwanza kimoja, halafu kiganja. Ile mara ya mwisho ukaniwekea ngumi, utafikiri unapima gunia."

"Na hukusema."

"Nilisema moyoni, siku atakayoutoa huo mkono, nitajua kwamba kweli naumwa kama mama." Akapumzika, akavuta hewa. "Nikawa naogopa usije ukautoa. Ulikuwa na joto."

Bi Futi akapiga magoti nyuma ya kiti, paji la uso likiegemea mgongo wa dada yake, kwenye zile kamba. Alitaka kuuliza jambo moja na aliogopa jibu lake kuliko kitu chochote. Akauliza.

"Na kwa daktari? Yule wa zahanati. Wewe ndiye uliyesema nimwonyeshe daftari."

Mlangoni jirani wa studio alikuwa amefika, wanamsikia akivua viatu barazani na kubisha hodi kwa adabu.

"Nilishindwa kusema mwenyewe," akasema Bi Ndoano. "Nikakutazama. Nikasema huyu akisema, nami nitasema."

Hakulisema kwa lawama. Lau angelisema kwa lawama, Bi Futi angepata pa kushika. Alilisema kwa uchovu tu, kama mtu anayeeleza alipoachia uzi. Bi Futi alilia bila sauti, na koseti ikalowa kidogo mgongoni, mahali ambapo picha haifiki.

Jirani akabisha tena. Bi Ndoano akamwitikia asubiri kidogo. Kisha akashika ukingo wa kiti, akajisukuma, na kwa kujikaza ambako hakuna aliyejua bado anako, akasimama. Akanyoosha mikono pembeni.

"Nipime," akasema. "Toa mkono."

Bi Futi akainuka. Akazungusha futi juu ya koseti, akaifungia nyuma kama alivyofundishwa, ikalala juu ya maua na juu ya mwili bila kitu kati yake. Vidole vyake aliviweka pembeni, vyote kumi, ambapo dada yake angeweza kuviona akitaka. Akatazama namba. Akaisoma kwa sauti, mpaka jirani kule barazani akaisikia.

"Ishirini na mbili."

"Andika," akasema Bi Ndoano.

Akachukua daftari, akaandika chini ya ile ishirini na saba na nusu. Akaweka na tarehe. Kisha akaenda kumfungulia jirani mlango.